Kontrol boksi ya gari la zamani: ifungue kabla hujanunua nyingine

Karibuni tena, watazamaji wangu. Hii hapa mezani ni kontrol boksi ya gari la mwaka 1991, kompyuta inayoamua nozeli zimwage mafuta lini na plagi zichome lini. Gari lenyewe linawaka likitaka, sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, inapanda na kushuka, na injini ikipata moto inazima. Mwenyewe ameshaambiwa anunue boksi nyingine. Asinunue kwanza!

Tazameni hapa. Hivi vikopo vilivyosimama ni kapasita, kazi yake kutuliza umeme. Ndani zina majimaji, na baada ya miaka 30 ya joto yamevuja. Bodi, yaani kibao kinachobeba vifaa hivi, imeingia weusi, njia ya shaba imeota ukijani, na ukiinusa inanuka kama samaki. Majimaji haya yanakula shaba, kwa hiyo ukiendelea kuendesha hivihivi, njia ya jirani nayo inaliwa.

Dawa yake: ng'oa kapasita zote, hata zinazoonekana nzima. Safisha bodi kwa spiriti, pima kila njia kwa mita, iliyokatika iunge kwa waya mwembamba. Kapasita mpya ziwe na mikrofaradi (kipimo cha uwezo wake) zilezile, volti zilezile au zaidi, na ziwe za nyuzi joto 105, achana na za 85. Upande wa hasi usiukosee.

Boksi ya mtumba mimi siipendekezi. Kapasita zake zina umri uleule! Na kama gari lina imobilaiza, ule mfumo wa kuzuia wizi, huenda lisiwake kabisa. Ninaikubali pale tu ambapo prosesa, ubongo wa boksi, imekufa au bodi imeliwa hadi matabaka ya ndani, na hata hapo badilisha kapasita kabla ya kuifunga.

Ukikuta transista, swichi ndogo ya umeme kwenye bodi, imeungua, tafuta kilichoiunguza. Mara nyingi ni koili ya plagi au nozeli iliyopiga shoti. Usipoipima, transista mpya nayo itaungua.

Na jamani, mara nyingi boksi inasingiziwa. Injini ikiwa inaunguruma, betri isome kati ya volti 13.5 na 14.5. Kagua waya za ethi, zile za hasi zinazofungwa kwenye chuma cha gari, kagua rilei kuu, swichi inayoipa boksi umeme, maana ethi iliyoshika kutu inaleta dalili hizihizi nilizotaja. Hayo yote yakiwa sawa, toa waya wa hasi wa betri, ndipo uichomoe boksi.