Uzoefu wangu: pikipiki ya traiali niliyonunua mkononi mwa mtu, miezi 14 sasa

Nimeona niandike maana wakati natafuta hii pikipiki sikupata hata mtu mmoja anaeielezea kwa Kiswahili. Niko Yorkshire, Uingereza, na huku huu mchezo wanaupenda sana. Kwa ambao hamjaziona, pikipiki za traiali hazina kiti kabisa, unaendesha umesimama, unapanda mawe na magogo na kuvuka vijito taratibu, ukigusa chini na mguu mara moja unaandikiwa pointi 1, ukishindwa kabisa kupita unaandikiwa 5, mwenye pointi chache ndo mshindi. Mi nilinogewa kwa kumuangalia Toni Bou, yule Mhispania aliyebeba ubingwa wa dunia wa traiali mwaka hadi mwaka kuanzia 2007.

Yangu ni ya Kihispania, tu-stroku (injini inayochoma petroli iliyochanganywa na oili) ya cc 250, ya mwaka 2012, kilo kama 70 hivi, tenki haifiki hata lita 3. Nilitoa pauni 2,300.

Siku ya kuikagua nilishika injini kwanza nikakuta ya baridi, na hilo ni muhimu, maana muuzaji akiiwasha kabla hujafika huwezi kujua kama asubuhi inasumbua. Kiki ya tatu ikawaka. Nikaangalia oili ya giaboksi, ukiona ina rangi ya chai ya maziwa ujue maji yanaingia, mara nyingi ni sili ya pampu ya maji, hii ilikua safi. Namba ya chasis haijakwanguliwa (nyingi za mashindano hazijasajiliwa kutembea barabarani kwa hiyo namba ya chasis ndo ya kukuonyesha kama ni ya wizi, iangalie vizuri). Plastiki zinang'aa, stika mpya, nikalipa.

Sasa kitu ambacho sikukiangalia ni linkeji, yaani vile vyuma vinavyounganisha swingamu (mkono unaoshika tairi la nyuma) na shoku ya nyuma, viko chini kabisa kwenye matope na maji. Watu wanakwambia inua pikipiki kwa nyuma, ukisikia inacheza kabla tairi halijanyanyuka basi beringi zimeisha, na ni kweli, ila yangu haikucheza kabisa kwa sababu beringi zilikua zimeshika kutu hazizunguki, kwa hiyo ukiinua tu unaona iko imara kumbe imeganda. Inabidi uikandamize nyuma kwa uzito wako wote mara kadhaa uone kama inashuka na kupanda laini bila kukwama. Aliyekua nayo alikua anaiosha kwa mashine ya maji ya presha kila Jumapili, kwa nje inapendeza, lakini maji yale yanasukuma grisi yote itoke na hakuwahi kuifungua.

Boliti ndefu ya swingamu iligoma kutoka. Nikampigia video mjomba wangu, ni fundi wa miaka mingi Moshi, baada ya shikamoo nikamgeuzia kamera aone, akanambia "we mjomba usiigonge hiyo ikiwa baridi, utaivimbisha kichwa, ipashe moto pembeni, mwagia oili, uiache ilale mpaka kesho." Ikatoka siku ya pili. Beringi na sili zake pauni 90, wikiendi mbili za kazi. Sasa kila baada ya miezi mitatu naifungua nasafisha napaka grisi upya, na kuosha ni ndoo na brashi tu.

Mengine hayasumbui. Petroli nachanganya mil 70 za oili kwa lita 5, wewe fuata kitabu cha yako. Eaklina (chujio la hewa) ya sponji naiosha kila nikitoka kwenye matope, oili ya giaboksi namwaga mapema sana maana ni kidogo na klachi inafanya kazi muda wote. Asubuhi ya baridi sahani za klachi zinagandana, weka gia ya pili, bana klachi, isukume mbele nyuma mpaka ziachie ndo upige kiki. Leva za breki na klachi usizikaze sana kwenye usukani, ukianguka zizunguke zisivunjike. Upepo nyuma PSI 4, mbele 6, najua mtu wa bodaboda ataona hilo tairi ni pancha lakini ndo linavyolikumbatia jiwe.

Na ni kwenye mawe ndo nilipoielewa linkeji kwa kweli. Kabla sijaitengeneza nyuma ilikua inaruka juu ya mawe yaliyolowa, tairi linazunguka bure, nikadhani tatizo ni tairi na nilikua karibu kununua jipya. Ilipoanza kucheza laini tairi lile lile la zamani likawa linashika, na Jumapili iliyopita nimepita kijito nilichokua nakishindwa tangu Januari, mawe yote yana utelezi, sikuweka mguu chini hata mara moja.