Kapasita ya muziki wa gari: ipi ununue, ipi uiache dukani

Meseji ninazopata kuhusu kapasita, kile chombo cha kuhifadhi umeme na kuutoa haraka besi ikigonga, karibu zote ni za aina moja: "Dada, nimefunga ya faradi 10 kwenye IST, lakini besi ikigonga taa bado zinakonyeza." Ukiwauliza walichagua kwa kuangalia nini, jibu ni namba kubwa ubavuni na kile kioo cha bluu kinachoonyesha volti. Na wauzaji ndivyo wanavyouza. Anaigusisha kwenye betri, kioo kinawaka, mteja anatoa pochi.

Faradi, yaani kipimo cha umeme ambao kapasita inaweza kuhifadhi, sizungumzii sana. Faradi 1 kwa kila wati 1000 za RMS (nguvu halisi ambayo amplifaya inaitoa mfululizo) inatosha, na usihesabu zile wati za "MAX" za kwenye stika. Mimi nataka uulizie kitu ambacho boksi nyingi hazikiandiki: ukinzani wa ndani wa kapasita yenyewe, yaani inavyouzuia umeme wakati wa kuutoa.

Piga hesabu hii. Injini ikiwa inaunguruma, altaneta inakupa volti 14.4 hivi. Besi inagonga, amplifaya inataka ampea 100 papo hapo. Kapasita yenye ukinzani wa omu 0.002 inazitoa kwa kupoteza volti 0.2 tu. Yenye omu 0.02 inapoteza volti 2 nzima. Yaani mpaka iweze kutoa hizo ampea, umeme kwenye amplifaya umeshashuka hadi 12.4, na betri, ambayo ikiwa imetulia inakaa kwenye 12.6 hivi, imeshaingia kazini yenyewe. Hapo umenunua pambo la buti. Hata iandikwe faradi 50, ni yale yale.

Na hata ile nzuri isikupe matumaini makubwa. Faradi 1 ikishuka kutoka volti 14.4 hadi 12 inatoa joule 32 hivi, kiasi cha kuhudumia wati 1000 kwa sekunde 0.03. Inatosha kishindo cha ngoma. Besi ndefu ya amapiano haiwezi.

Sasa orodha yangu.

Ya kwanza ni Rockford Fosgate ya faradi 1. Ndiyo, napendelea, na wanaonifuatilia wanalijua hilo. Ninayotumia mimi imepita kipimo nitakachokueleza hapa chini, na vishikio vyake vya waya ni vinene, vinakaza kweli. Kama mfuko unaruhusu, maliza hapo.

Ya pili, Stinger. Sina ugomvi nayo.

Ya tatu si kapasita. Kama muziki wako umevuka wati 1500, au wewe ni wa kuegesha Coco Beach na kupiga muziki injini imezimwa, hela hiyo weka kwenye betri ya pili ya AGM (ile iliyofungwa, isiyoongezwa maji). Kapasita haizalishi umeme.

Hizi zisizo na jina, zenye taa za disko: nunua kama unapenda taa.

Kabla ya zote hizo, kwangua waya ulionao kwa wembe. Ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na ukinzani wake ni mkubwa kuliko wa shaba tupu yenye unene uleule. Angalia na ethi: fundi amekwangua rangi ya bodi mpaka chuma king'ae, au amekaza bolti juu ya rangi? Kapasita nzuri juu ya ethi mbovu ni hela umetupa.

Kipimo ni hiki. Tafuta mita yenye kitufe cha MIN/MAX, maana ya kawaida inachelewa kusoma. Weka ncha zake kwenye plasi na ethi za amplifaya, piga wimbo wenye besi nzito, soma volti ya chini kabisa. Funga kapasita karibu na amplifaya, waya usizidi nusu mita, rudia wimbo uleule kwa sauti ileile. Volti ikibaki palepale, mrudishie mwenye duka.

Hapo ndipo vita inapoanzia. "Kikishatoka hakirudi, dada." Hataki ujaribu kabla ya kulipa, hataki urudishe baada ya kulipa, na bei anaitaja baada ya kuangalia gari uliyokuja nayo. Kuna duka moja Kariakoo, silitaji, boksi lilikuwa limeshafunguliwa na ile rezista ya kuchajia haimo. Nikauliza. Kumbe anaiuza kando! Kitu kilichotoka kiwandani ndani ya boksi hilohilo!

Msimpe hela ya rezista, balbu inafanya kazi hiyohiyo. Chukua balbu ya indiketa ya volti 12, iunge kati ya waya wa plasi unaotoka kwenye betri na plasi ya kapasita, ethi ikiwa imeshafungwa. Itawaka, itafifia, itazima. Ikizima imejaa, toa balbu ufunge waya moja kwa moja. Ukiruka hatua hiyo utapigwa cheche ya kuunguza fyuzi, na muuzaji atakwambia uliifunga vibaya.