Sanamu ya Anime Yenye Viungo: Ipi Ununue Ukiwa Uganda, na Uikague Vipi

Wanunuzi wengi huanza kukagua usoni. Anza chini, kwenye vifundo vya miguu. Picha ya boksini inamwonyesha Goku wa Dragon Ball ameruka hewani au Gojo wa Jujutsu Kaisen amesimama kwa mguu mmoja, na mara nyingi kilichomshikilia ni stendi iliyofutwa kwenye picha. Ukifika nyumbani ukamweka mezani, kinachoamua kama umenunua kitu cha maana ni kiungo kidogo kuliko punje ya hindi, kile kinachounganisha unyayo na muundi. Kikiwa legelege, sanamu ya shilingi laki nne itaishia kuegemezwa ukutani kama mgonjwa.

Tunazungumzia sanamu zenye viungo, zenye leseni, za mhusika wa anime (katuni za Kijapani) unayempenda kiasi cha kutoa pesa nyingi. Zile zisizopinda, za kipimo cha 1/7 au 1/8 ya kimo cha mhusika, ni soko jingine: hizo hupimwa kwa rangi na umbo. Hizi zetu hupimwa kwa viungo, na ndivyo tulivyozipanga.

Ya kwanza: S.H.Figuarts

Hii ni ya Bandai Spirits, chini ya jina la Tamashii Nations, na mfululizo wake ulianza 2008. Urefu ni sentimeta 14 hadi 15 hivi kwa mhusika wa kimo cha kawaida. Kama shujaa wako anatoka Dragon Ball, Naruto au One Piece, anzia hapa. Kifundo cha mguu kinakunja mbele na nyuma, kisha kinalala upande, kwa hiyo unyayo unabaki bapa mezani hata miguu ikipanuliwa sana. Kiwiko na goti huwa na kiungo mara mbili, na mkono unakunjika hadi ngumi ikaribie bega. Hilo ndilo linalompa Goku mkao wa Kamehameha, shambulio lake la viganja viwili, bila kiwiko kuonekana kimevunjika.

Kubadilisha uso unavuta nywele za mbele, unachomoa bamba la uso, unaweka jingine, unarudisha nywele. Vuta moja kwa moja kuja mbele, usizungushe, maana kipini kilicho ndani ni chembamba.

Kasoro yake kubwa ni kwamba nyingi huja bila stendi. Ukitaka mkao wa kuruka, stendi unainunua kando, na gharama hiyo wengi husahau kuihesabu. Bei ya Japani kwa matoleo mapya ya kawaida huwa kati ya yeni 5,000 na 10,000.

Ya pili: figma

Hizi ni za Max Factory, zinasambazwa na Good Smile Company, nazo pia zilianza 2008. Kimo kinakaribiana na cha Figuarts. Tunazipa nafasi ya pili kwa wahusika wa mapigano, lakini kwa mhusika mwembamba, mwenye sketi au nywele ndefu, zinapanda juu. Sketi na vazi refu hufinyangwa kwa plastiki laini inayopisha paja. Stendi ya mkono unaokunjika imo boksini, na ncha yake ya milimita 3 inaingia kwenye tundu la mgongoni. Humo humo utakuta mfuko wa zipu wa kuwekea viganja vya kubadilisha. Utumie, kwa sababu kiganja kimoja kikiangukia zulia hutakiona tena.

Udhaifu uko kwenye kifundo cha mkono. Kipini cha pale ni chembamba mno, na kiganja kikikaza mtu huzungusha kama anayefungua chupa. Hapo ndipo kinapokatika, na nusu ya kipini inabaki ndani ya mkono. Pasha kiungo moto kwanza (njia iko chini), kisha vuta wima.

Ya tatu: Anime Heroes

Hii pia ni ya Bandai, sentimeta 16 na ushee, na nje ya nchi huuzwa karibu dola 20. Rangi yake ni ya kawaida, viganja vya akiba ni vichache, na viungo vinaonekana wazi magotini. Bado tunaipendekeza kuliko baadhi ya sanamu za bei mara nne yake, kwa sababu ni halali, ni ngumu, na kijana wa miaka 12 anaweza kuichezea. Kama bajeti yako haizidi laki mbili, chukua hii. Usichukue Figuarts feki ya bei hiyo hiyo.

Ya nne: Revoltech Amazing Yamaguchi

Ya Kaiyodo, yenye viungo vya gololi na meno ambavyo hutoa sauti ya "trrk" vinapozunguka. Mikao yake ya vurugu haina mpinzani. Lakini ukimsimamisha wima tu, mwili unaonyesha mianya begani na nyongani, na kila ukimgusa unahofia kipande kuchomoka. Huyu ni wa mtu ambaye tayari ana sanamu kadhaa na anajua anachotaka.

Ya mwisho kwa hali ya hewa yetu: za 1/6 zenye nguo

Sentimeta 30, nguo za kitambaa, viatu na mikanda ya ngozi bandia. FigZero ya threezero ndiyo inayojulikana zaidi kwa wahusika wa anime. Zinapendeza kuliko zote nne zilizotangulia, hilo hatubishi. Shida ni ile ngozi bandia: tabaka lake la juu huvunjwavunjwa na unyevu wa hewa, likaanza kupasuka na kubanduka vipande kama rangi ya ukuta wenye maji. Huo si uchafu wa kufuta, na hakuna dawa ya kurudisha. Anayekaa Entebbe au Jinja, karibu na ziwa, ahesabu hasara hiyo tangu siku ya kununua, hata kama sanamu haijatoka boksini. Ongeza kwamba bei huanzia karibu dola 150 kabla ya ndege na ushuru. Ukiipenda kweli, chagua mhusika ambaye mavazi yake yote ni ya kitambaa.

Hesabu ya kufikisha Kampala

Bei ya tovuti si bei yako. Kwa kawaida ushuru unahesabiwa juu ya bei ya bidhaa pamoja na usafiri na bima, si bidhaa peke yake. Chukua sanamu ya yeni 8,000 na usafiri wa yeni 4,500, jumla 12,500. Yeni moja tuiweke shilingi 24: hiyo ni shilingi 300,000. Ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki kwa bidhaa iliyokamilika kwa kawaida ni asilimia 25, yaani 75,000. VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 18 inapigwa juu ya 375,000, yaani 67,500. Kodi ya zuio ya asilimia 6 ni 18,000, na tozo ya miundombinu ya asilimia 1.5 ni 4,500. Kodi hizi jumla ni 165,000, na sanamu imekufikia kwa 465,000. Viwango huweza kubadilika katika bajeti ya Juni, kwa hiyo thibitisha hesabu yote na URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, kabla ya kulipa.

Kwa hesabu hii utaelewa jambo moja: muuzaji wa mjini anayekupa Figuarts mpya kwa 120,000 ama anajipa hasara, ama anauza feki. Na hakuna anayefungua duka ili ajipe hasara.

Njia ya kupunguza ni kuagiza mbili kwa mzigo mmoja, ukigawana usafiri na mwenzako, au kununua mtumba wa Japani. AmiAmi, duka la mtandaoni la Japani, kwa mfano, hupima sanamu zilizotumika kwa herufi mbili, moja ya bidhaa na moja ya boksi. Ukikuta bidhaa A- na boksi B, shika hapo hapo: boksi limebonyea pembeni lakini viungo vimeguswa kidogo sana. Toleo likishaisha viwandani bei hupanda, ila kwa wahusika maarufu toleo la pili hutoka mara kwa mara, kwa hiyo usikimbilie kulipa mara tatu.

Kutambua feki

Maneno "Made in China" hayathibitishi lolote, maana nyingi za halali hutengenezwa huko. Msimbo pau wa Japani huanza na 45 au 49, lakini feki nao huunakili pamoja na boksi zima. Stika ya Toei Animation, studio ya katuni hizo, kwenye maboksi ya Dragon Ball na One Piece ni dalili nzuri, si hukumu: matoleo ya nje ya Japani huwa na stika nyingine, na stika huchapwa popote penye mashine. Wanaojua Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, hawahitaji maelezo zaidi.

Plastiki yenyewe ndiyo shahidi. Omba muuzaji akupigie picha nne kwenye mwanga wa mchana, na karatasi yenye tarehe ya leo kando: uso kwa karibu, pale nywele zinapokutana na paji, unyayo kwa chini, na kifundo cha mguu kikiwa kimelala upande.

Katika halali, jicho limechapwa kwa nukta ndogo mno na mstari wa kope hauna ukungu. Feki ina jicho moja lililopanda juu kidogo, na mboni imemwaga rangi. Ngozi ya halali ni kavu, haimetimeti, na huwa na kivuli chepesi chini ya shingo. Ya feki inang'aa kama imepakwa mafuta. Mshono wa kalibu kwenye muundi wa feki unakwaruza kucha. Kisha harufu: ukifungua trei ukapigwa na harufu kali ya thina, rudisha. Usitume pesa kwa simu kabla ya kuona picha hizo, na kama muuzaji yuko mjini, kutana naye sehemu yenye meza, maana jaribio la kusimama halifanyiki kwenye kiti cha boda.

Siku ya kufungua

Kata gundi ya boksi kwa wembe, usivute. Toa trei yote, ihesabu dhidi ya picha ya nyuma ya boksi kabla ya kuchomoa kitu chochote. Viganja ndivyo hupotea, na vingine hukaa kwenye trei ya pili nyuma ya ile ya kwanza.

Kisha viungo, kimoja kimoja, kwa mpangilio huu: kifundo cha mguu, goti, nyonga, kiuno, bega, kiwiko, kifundo cha mkono, shingo. Sogeza polepole hadi usikie kinakubali. Kikikataa, simama. Mara nyingi rangi imekigandisha, na ukilazimisha, kipini kinajipinda kabla ya rangi kuachia. Dalili ya hatari ni alama nyeupe kwenye plastiki: ikitokea, tayari umeanza kukata.

Kiungo kilichoganda kitumbukize kwenye maji ya moto ya chupa ya chai, yaliyopoa kidogo yasichemke, kwa sekunde 30 hadi 60. Plastiki inalainika, rangi inaachia, kiungo kinaanza kuzunguka. Kifute kikauke. Ukitaka kulainisha, tumia mafuta ya silikoni tu. Vaselini na mafuta ya mashine huweza kudhuru plastiki ngumu ya ABS, na baadaye ukakuta ufa uliojitokeza wenyewe.

Kiungo kilicholegea kina tiba ya kinyume. Chomoa, paka supaglu nyembamba sana juu ya gololi kwa kijiti cha meno, iache ikauke kabisa nje ya tundu, ndipo urudishe. Ukirudisha ikiwa mbichi umemgandisha shujaa wako milele.

Jaribio la mwisho: msimamishe bila stendi, miguu imepanuliwa, umwache usiku kucha. Akikutwa asubuhi amelala, peleka malalamiko kwa muuzaji ndani ya muda wa kurudisha, pamoja na video.

Pa kumweka

Jua linalopita dirishani hugeuza plastiki nyeupe kuwa ya manjano, na rangi hiyo haisuguliki ikatoka. Kabati la vioo mbali na dirisha linatosha, na pia linazuia vumbi jekundu la barabara ya murram, ambalo likiingia ndani ya kiungo husaga kama msasa. Ila usilifunge kabisa kwa miezi. PVC, plastiki laini ya sanamu hizi, hutoa polepole kilainishi kilichomo, na hewa ikiwa imetulia kwenye joto, sanamu huanza kunata vidoleni. Ikinata, ioshe kwa maji vuguvugu na sabuni kidogo ya vyombo, kwa mswaki laini, kisha ikaushe kivulini. Wa Gulu na Arua kwenye joto wataliona hili mapema kuliko wa Kabale kwenye baridi.

Vazi jeusi la plastiki laini lisikae limegusana na ngozi nyeupe ya mwenzake kwenye rafu, kwani rangi huhama. Na kabla ya kumrudisha boksini kwa muda mrefu, kata vipande vya karatasi nyeupe uviweke kati ya sehemu hizo.