Kisanduku cha DelAgua kwa mtafiti wa uzamivu: sahani 16 kwa usiku mmoja

Ukisomea shahada ya uzamivu ya uhandisi wa ujenzi na mazingira hapa Kampala, na mada yako ni chemchemi za Bwaise au Katwe, huenda msimamizi akakuelekeza kwenye kisanduku cha DelAgua, maabara ndogo ya kubeba ya kupimia maji. Ni ushauri mzuri. Kinapima bakteria wa kinyesi, klorini, pH na kiasi cha maji kuchafuka (tope), na inkubeta yake, yaani kisanduku cha joto cha kuoteshea bakteria, inakubali betri, hivyo umeme ukikatika usiku sampuli haziharibiki.

Kinachobana ni nafasi. Inkubeta inabeba sahani 16, vile visahani vya petri vya kuoteshea bakteria. Toa mbili za sampuli tupu, yaani maji yaliyotakaswa yanayochujwa mwanzo na mwisho wa kazi, zinabaki 14. Maji huchujwa kwa utando mwembamba unaonasa bakteria, utando unalazwa kwenye sahani, na kila bakteria huota kuwa koloni, doa la kuhesabika. Chemchemi iliyo chini ya vyoo vya shimo haihesabiki ukichuja mililita 100, koloni zinajaa utando mzima. Itabidi uchuje mililita 10 na mililita 1, kila kiasi mara mbili. Chemchemi moja imeshakula sahani nne, na kwa usiku mmoja unamaliza tatu tu. Aliyeandika chemchemi 20 kwenye pendekezo lake anahitaji siku saba kwa mzunguko mmoja, na mvua ya Aprili ikishuka siku ya nne, tofauti anayoiona kati ya chemchemi huenda ni tofauti ya hali ya hewa tu. Afadhali chemchemi sita zinazorudiwa mara nyingi, au inkubeta ya pili ya kuazima.

Kutakasa kichujio ndiko kunakoharibiwa zaidi. Mimina methanoli kidogo, kama mililita moja, kwenye kikombe cha chuma, iwashe, na moto ukikaribia kuzima funika kwa kichwa cha kichujio. Methanoli ikiungua kwa hewa haba hutoa fomaldehidi, na hiyo ndiyo inayoua vijidudu. Subiri dakika 15. Ethanoli haitoi gesi hiyo, kwa hiyo spiriti ya kawaida haifai (waragi ndiyo kabisa).

Chakula cha bakteria ni gramu 7.62 za unga maalumu wa maabara (lauryl sulphate) kwa mililita 100 za maji yaliyotoneshwa. Sufuria ya wazi haitoshi kukitakasa: Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari na maji huchemka karibu nyuzi 96. Tumia preshakuka. Unga ufungwe vizuri, unyevu ukiuingia unaganda mawe.

Ukipima mililita 1, tangulia kumimina maji yaliyotakaswa kwenye kichujio ili bakteria wasambae utando mzima. Maji ya bomba yenye klorini yachukuliwe kwenye chupa yenye thiosulfati ya sodiamu, la sivyo klorini itaendelea kuua njiani. Ukishaandaa sahani zote, ziache saa moja hadi nne bila joto ili bakteria waliodhoofika wapate nguvu, kisha nyuzi 44 kwa saa 16 hadi 18. Hesabu koloni za manjano papo hapo. Zikipoa, rangi inageuka waridi nawe utahesabu pungufu.

Mtahini atakapobana ni hapa: koloni ya manjano ni kolifomu inayostahimili joto, kundi pana la bakteria, si lazima iwe E. koli, yule wa kinyesini hasa. Kwenye maji ya nchi za joto baadhi ya bakteria wa jamii ya Klebsiella humea vilevile bila kutoka kinyesini. Chukua sehemu ya koloni ukazithibitishe maabara kwa kipimo cha indoli, ambacho E. koli hukikubali, na uandike kwenye tasnifu ni asilimia ngapi zilizokubali. Tena kisanduku cha msingi hakipimi nitrati, ambayo ndiyo dalili unayoitaka unapodai kwamba choo kinavuja hadi chemchemini. Hiyo tafutia fotomita, kifaa kinachopima kemikali kwa rangi na mwanga, uiweke kwenye bajeti tangu mwanzo.

Kwa mtu mmoja ni ghali. Idara inunue kimoja, wanafunzi wapeane zamu. Kabla ya kukipokea, weka kipimajoto kwenye inkubeta na uhakikishe inashika nyuzi 44, isipite nusu nyuzi juu wala chini, halafu kagua mpira wa kuziba kichujio. Ukiwa umepasuka, maji yatapita pembeni ya utando na sahani itaonyesha chemchemi safi.