Samani za bei nafuu kwa nyumba inayouzwa Unguja na Pemba: zipi zitangulie, zipi ziachwe

Mwenye nyumba anayetafuta mnunuzi kwa kawaida hufanya moja kati ya mambo mawili: ama huionesha nyumba tupu, yenye mwangwi na alama za misumari ukutani, ama huionesha ikiwa imesheheni vyombo vyote vya familia tangu enzi za bibi. Yote mawili humpunguzia nguvu katika mapatano ya bei. Chumba kitupu huonekana kidogo kuliko kilivyo, kwa kuwa jicho halina kitu cha kupimia, na chumba kilichojaa makabati humfanya mgeni atoke haraka bila ya kujua kitanda chake kingekaa wapi. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye fedha kidogo, anayetaka vyombo vichache vya kuonesha tu, ambavyo nyumba ikishauzwa ataviuza, atavihamisha au atamwachia mnunuzi bila ya majuto.

Kabla ya kununua hata kiti kimoja, fedha za mwanzo ziende ukutani na kwenye taa. Nyumba za zamani za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta za namna hiyo zinahitaji kupumua; ukizipiga plasta ya saruji na rangi ya plastiki ili zing'ae siku ya kuoneshwa, unyevu hubaki ndani na rangi huanza kubambuka, pengine kabla mnunuzi hajarudi mara ya pili. Chokaa nyeupe ni rahisi zaidi na huangaza chumba. Kwa nyumba za matofali za mitaa ya ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, kama vile Mombasa ya Unguja (si ile ya Kenya) au Kwerekwe, rangi nyeupe ya kawaida inatosha. Balbu nazo ziwe za mwanga wa aina moja nyumba nzima, na mita ya Tukuza, yaani ya umeme unaolipiwa kabla, iwe na umeme wa kutosha siku ya miadi, jambo ambalo madalali wengi hulisahau.

Katika samani zenyewe, nafasi ya kwanza naipa mitumba ya mbao halisi. Wakati mzuri wa kuitafuta ni kipindi cha masika, hasa Aprili na Mei, ambapo wageni hupungua na hoteli nyingi za mwambao hufunga kwa matengenezo, zikatoa vitanda, meza na viti ambavyo bado vina umri. Nje ya msimu huo kuna wauzaji wa vitu vilivyotumika mjini, pamoja na familia zinazohama, ambazo huuza kwa haraka na kwa hiyo kwa bei ya kusikilizana. Ukipata kochi, lisiangaliwe kwa juu tu. Nyanyua mito yote, fungua zipu ya foronya, pitisha kidole kwenye mishono ukitafuta madoa meusi madogo ya kunguni, kisha lipindue chini juu na uigonge miguu. Ukiona unga mwembamba wa mbao ukidondoka, wadudu wameshaanza kazi, na hakuna vanishi itakayolifufua. Harufu ya uvundo nayo haiondoki kwa jua la siku moja, hata muuzaji akiapa. Kitambaa kilichochakaa, kinyume chake, si kasoro ya kuogopa, kwa sababu fundi wa makochi atakibadilisha kwa gharama ndogo, na rangi moja iliyopoa itakaa vizuri kuliko maua makubwa.

Nafasi ya pili ni ya fundi seremala wa mtaani, ambaye kwa Pemba ningempandisha kuwa wa kwanza, kwa kuwa mitumba ya Chake Chake na Wete haina wingi wa ile ya mjini Unguja, na kusafirisha kochi kwa meli hadi bandari ya Mkoani, kisha kulipakia gari, kunaweza kula faida yote. Mwambie akutengenezee vitu vya mistari iliyonyooka tu: kitanda, meza ya chini, benchi la barazani. Mfenesi na mwembe hutoa mbao za bei ya wastani, mradi ziwe zimekauka. Mbao mbichi hupinda, na droo iliyofunga vizuri dukani kwa fundi hukataa kufunguka mbele ya mnunuzi. Toa arbuni, usilipe yote, na mwekee tarehe iliyo wiki mbili kabla ya ile unayoihitaji kweli.

Vipimo vina uzito kuliko urembo. Vyumba vya Mji Mkongwe ni vyembamba, mara nyingi visivyozidi mita 3 kwa upana, kwa sababu dari zilibebwa na boriti za mikoko ambazo urefu wake una kikomo. Kitanda cha futi 6 kwa 6 humo ndani kinameza chumba. Cha futi 5 kwa 6 kinaacha njia ya kupita. Pima pia mlango, kichochoro na kona ya ngazi kabla ya kulipa. Samadari, kitanda cha kale chenye vioo na michoro, ni kitu cha fahari na kama unayo iache ilipo, lakini kuinunua kwa ajili ya kuuzia nyumba ni kutupa fedha.

Mikeka ya ukili, mapazia mepesi na mashuka meupe naviweka nafasi ya tatu kwa mpangilio, ingawa kwa kila shilingi inayotumika huenda ndivyo vinavyofanya kazi kubwa zaidi. Mkeka mpana huficha sakafu yenye nyufa nyembamba kama nywele bila ya kudanganya, maana mnunuzi anaweza kuunyanyua. Ufa mkubwa uzibwe.

Kuazima kwa ndugu kunakuja baadaye. Ni bure, lakini nyumba huweza kukaa sokoni miezi kadhaa, na mwenye kochi lake akipata harusi atalitaka.

Mwisho kabisa naweka seti mpya za mbao za vumbi zilizobandikwa karatasi ya kung'aa, hasa zikiuzwa kwa mkopo. Dukani zinavutia kweli. Hewa ya chumvi na unyevu wa visiwani huzivimbisha kingo, bawaba zake hushika kutu, na ukitaka kuziuza tena baada ya mwaka hupati hata nusu ya ulichotoa. Mnunuzi anayeishi Maskati au London, aliyetumiwa picha kwanza, ataziona nzuri kwenye simu. Jamaa yake atakayetumwa kuja kukagua atagusa mlango wa kabati na kumweleza ukweli.

Jambo moja lisiachwe kwa maneno ya mdomo: orodha ya vyombo vinavyobaki na vinavyoondoka iandikwe na kuambatanishwa na mkataba wa mauziano, kila kitu kwa jina lake, pamoja na mapangaboi, viyoyozi na tangi la maji la juu ya paa, kwani hivyo ndivyo vinavyogombewa zaidi siku ya kukabidhiana funguo.