Ngazi ya paa yenye kulabu kwa kazi za sola: uzoefu wangu Tabora

Nafunga sola Tabora mjini na vijijini kuelekea Urambo na Sikonge. Ngazi ninayotumia ni ya alumini, vipande viwili vya kuvuta, na juu ina kulabu mbili zinazofungwa kwa nati za masikio. Nimeipenda, na nitaeleza sababu.

Nyumba nyingi huku zimeezekwa bati jembamba la geji 30, na papi zake, yaani mbao zinazobeba bati, zimeachana. Ukikanyaga katikati ya papi, bati linabonyea na matundu ya misumari yanalegea. Mvua za Novemba zikianza, mwenye nyumba anakupigia simu kwamba panavuja. Ngazi hii inalala juu ya paa, kulabu zinashika kofia, yaani kilele cha paa, upande wa pili, na uzito wako unagawanyika kwenye papi kadhaa. Bati halisemi kitu.

Kuipandisha ni rahisi. Mgongoni mwa kulabu kuna vitairi. Unaisukuma ikiwa imegeuzwa, vinabiringika hadi kwenye kofia, kisha unaipindua na kulabu zinakaa.

Mnaponunua, ndugu mafundi, msiangalie urefu kwanza. Angalieni ule upau wa kulabu unaolalia bati la upande wa pili. Ukiwa mfupi au mwembamba, unatoboa. Wangu ni mpana na una mpira, lakini kwa bati la msauzi nimeongezea kipande cha tyubu, maana rangi yake inachubuka upesi na wateja wanaijali sana. Halafu someni lebo: yangu ina kiwango cha EN 131, kile cha Ulaya cha ngazi, na kikomo cha kilo 150. Paneli moja kubwa inavuka kilo 20, kwa hiyo mimi napanda na vifaa tu. Paneli tunaivuta kwa kamba, na saidia fundi anaiongoza kutoka chini.

Hii haichukui nafasi ya ngazi ya kupandia kutoka chini. Hiyo iwe nyingine, mguu wake ukae mbali na ukuta mita 1 kwa kila mita 4 za kimo, ipite ukingo wa paa kama mita 1, na ifungwe kamba juu.

Kasoro zipo. Saa saba mchana, mwezi wa kumi, huishiki bila glavu. Kwenye bodaboda haibebeki, lazima ukodi kirikuu, na gharama hiyo uiingize kwenye makadirio mapema. Kubwa zaidi, alumini inapitisha umeme. Waya wa TANESCO ukipita karibu na paa, hii naiacha chini kabisa na kuazima ya fibaglasi.

Ya bomba za chuma unaweza kuchomelewa hapa hapa mjini kwa bei nafuu. Ni imara, ila kuipandisha kunataka watu watatu, na usalama wako wote unategemea mchomeleo mmoja pale kwenye kulabu. Kwa hilo mimi nililipa zaidi.