Kamusi ya Kigiriki ya LSJ kwenye Perseus, nimeipima kwa neno gnosis

Kama unafundisha Biblia au unapenda tu kujua maneno yametoka wapi, hii kamusi ya Kigiriki cha kale kwa Kiingereza (LSJ ni majina ya waandishi wake, Liddell, Scott na Jones) iko bure kwenye tovuti ya Perseus ya Chuo Kikuu cha Tufts kule Marekani, nami naipa nyota nne kati ya tano.

Kuna kozi ya mtandaoni niliilipia, mwalimu akatuambia neno la Kigiriki gnosis ni "elimu ya siri", basi nikalibeba hivyo hivyo nikaenda kuwafundisha watu darasani. Siku nimefungua LSJ nikaandika gnwsis (ile herufi ya Kigiriki omega unaipiga kwa w, huhitaji kibodi ya Kigiriki) nikakuta kinachotangulia ni kuchunguza, tena uchunguzi wa mahakamani kabisa, halafu ndo kujua, kufahamiana na mtu, kumtambua mtu. Elimu ya siri ipo ila ni maana moja tu kati ya nyingi, na Wagnostiki wa karne ya 2, wale walioamini wokovu unapatikana kwa elimu hiyo, ndo walioivumisha.

Kwenye kutambua wamekupeleka kwa Thucydides, mwanahistoria wa Kigiriki, kile kipande cha vita ya usiku pale Syracuse, mji wa kisiwa cha Sicily, mwaka 413 KK, mbalamwezi inawaka, askari anaona umbo la mtu mbele yake ila hana uhakika kama ni mwenzake au adui. Huko kumjua wa kwenu ndo gnosis. Nimesoma hapo mara tatu jamani.

Utamu mwingine, Agano Jipya la Kigiriki limo humo humo kwenye Perseus, unabonyeza neno linakupeleka kwenye kamusi. Nikaweka na Biblia yetu ya Kiswahili ya Union Version pembeni: 1 Wakorintho 8:1 gnosis imekuwa "ujuzi", 1 Timotheo 6:20 "elimu", Warumi 11:33 "maarifa". Neno moja, sisi tunalo kwa matatu! Ujuzi ni letu kutoka kujua, hayo mengine mawili ya Kiarabu, na masufi (Waislamu wa njia ya kiroho) wanasema maarifa wakimaanisha kumjua Mungu kwa moyo, yaani hapo umeigusa gnosis yenyewe.

Nyota moja nimekata kwa sababu maelezo yote ni Kiingereza na vifupisho ni vingi mno, unaona Th. peke yake, mgeni atajuaje kuwa ni Thucydides?

Jumapili nilirudi darasani nikawaambia nilichowafundisha kilikuwa nusu, tukaanza upya na ule usiku wa Syracuse.